Kompyuta ya zamani inalalamikia feni kila ikiwaka: tafuta chanzo kabla ya kununua feni mpya

Unawasha mashine, skrini inabaki nyeusi na maandishi meupe: "CPU Fan Error! Press F1 to Run Setup". Unabonyeza F1, unatoka, Windows inafunguka kama hakuna kilichotokea. Kesho yake yale yale. Wengi huizoea F1 wakaendelea na maisha, na wengine hukimbilia kununua feni. Wote wawili wameruka swali la kwanza: ubao mama umejuaje kwamba feni ina shida?

Ubao hauioni feni wala haupimi upepo. Unachofanya ni kuhesabu. Ndani ya feni kuna sensa inayotuma mapigo mawili kwa kila mzunguko kupitia waya wake maalumu. Mapigo yasipofika, au yakifika machache kuliko kiwango kilichowekwa kwenye BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows), onyo linatoka. Kwa hiyo ujumbe huo hausemi prosesa imechemka. Unasema tu kwamba hesabu haikutimia. Huenda feni imekufa kweli, huenda ni nzima na hesabu yake ndiyo inapotea njiani.

Maneno hutofautiana kwa kampuni. ThinkPad huandika "Fan error" na kujizima. Laptopu za HP hutoa namba 90B. Dell huandika "Alert! Previous fan failure", yaani feni ilikwama mara ya mwisho mashine ilipotumika, hivyo usishtuke ukiuona ujumbe huo mara moja zaidi baada ya kutengeneza.

Hatua ya 1: Angalia kwa macho

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha. Rudisha umeme, washa, na macho yako yawe kwenye feni ya prosesa tu.

Isipozunguka kabisa, zima mara moja. Prosesa hujilinda kwa kupunguza kasi na hatimaye kuzima mashine, lakini hakuna sababu ya kuufanyia majaribio ulinzi huo.

Ikisuasua, ikasita, halafu ikachanganya, umeshapata jibu: mafuta ya beringi yamekauka au yamegeuka gundi. Dalili yake naiamini kuliko kipimo chochote. Onyo linatokea mashine ikiwa baridi, ukiizima na kuiwasha tena baada ya muda mfupi halionekani, kwa sababu beringi imeshapata joto na kulegea.

Ikizunguka vizuri tangu mwanzo na onyo bado lipo, usiiguse feni kwanza. Nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2: Plagi na nyaya

Hapa ndipo kosa hujificha mara nyingi, hasa kama mashine imetoka kusafishwa. Pini za feni ya prosesa zimeandikwa CPU_FAN kwenye ubao. Plagi ikichomekwa kwenye CHA_FAN au SYS_FAN (pini za feni za kasha) feni itazunguka bila shida, lakini ubao utakuwa unasikiliza pini ambazo hazina kitu. Soma maandishi kwa tochi. Kwenye bao za zamani ni madogo na vumbi limeyafunika.

Kisha tazama nyaya. Feni ya nyaya tatu kwa kawaida ina nyeusi, nyekundu na njano, na njano ndiyo inayobeba hesabu. Feni ya nyaya nne mara nyingi ina nyeusi, njano, kijani na bluu, na hapo njano ni umeme wa volti 12, hesabu iko kwenye kijani. Mafundi wanaounga nyaya kwa kufuata rangi tu hukwama hapa. Fuata nafasi ya waya kwenye plagi: kutoka nyeusi, wa tatu ndio wa hesabu kwenye feni zote mbili.

Feni ya nyaya mbili haina hesabu kabisa. Italalamikiwa milele hata ikiwa mpya. Vivyo hivyo feni iliyochomekwa moja kwa moja kwenye nyaya za pawa saplai.

Hatua ya 3: Vumbi

Ukipuliza kwa bloa, zuia mapanga kwa kidole. Feni inayozungushwa na upepo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye ubao, na beringi yake huumia kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Usisahau hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa chini ya feni, maana vumbi hujibana kati ya mapezi yake. Kwenye laptopu mara nyingi kuna blanketi zima la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba, nalo halionekani mpaka uifungue feni yenyewe. Kupuliza kutoka nje kunalisogeza tu.

Hakikisha pia hakuna waya unaogusa mapanga.

Hatua ya 4: Oili

Kwa feni inayosuasua tu. Bandua stika ya katikati. Baadhi ya feni zina kizibo cha mpira chini yake, zingine zimefungwa kabisa, hizo ziache. Tone moja la oili ya cherehani linatosha. Siyo mafuta ya kupikia, wala dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, ambayo hukauka upesi na kuiacha beringi kavu kuliko mwanzo. Futa mafuta yaliyomwagika, la sivyo stika haitashika. Hii ni tiba ya muda, ya kukuvusha mpaka upate feni nyingine.

Hatua ya 5: Soma namba ndani ya BIOS

Wakati mashine inawaka bonyeza Del au F2 (HP nyingi ni F10, ThinkPad ni F1). Tafuta ukurasa wa "Hardware Monitor" au "PC Health". Mashine nyingi zenye chapa hazina ukurasa huo, basi chomeka kwa muda feni nyingine nzima kwenye pini za CPU_FAN na uangalie kama onyo linabaki.

Namba ya feni ni mizunguko kwa dakika (RPM). Ikiwa 0 au N/A na feni inazunguka mbele ya macho yako, hesabu haifiki. Hamishia plagi kwenye pini za feni nyingine na usome tena. Hesabu ikitokea huko, pini za CPU_FAN ndizo zenye tatizo. Isipotokea popote, sensa ya feni imekufa na feni inabadilishwa.

Namba ikiwepo lakini ndogo, mfano 500, linganisha na kiwango cha chini. Bao nyingi za ASUS huanzia 600, wakati feni pana ya kisasa hutembea taratibu kwa makusudi mashine ikiwa haina kazi. Shusha "CPU Fan Speed Low Limit" hadi 300 au 200, hifadhi, basi.

Kuna pia chaguo la "Ignore". Litumie ukiwa umeiona feni inazunguka na unajua kwa nini hesabu haisomeki. Ukiliweka bila kujua umezima king'ora, moto uko pale pale.

Hatua ya 6: Kubadilisha

Pima kwa rula upande wa feni: 80, 92 au 120 mm ndizo za kawaida. Angalia volti kwenye stika. Mezani ni 12, laptopu nyingi ni 5. Kama umelazimika kung'oa hitisinki, futa pasta ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Baadhi ya mashine za Dell hutumia plagi ya pini tano ya kwao, kwa hiyo ng'oa feni ya zamani kwanza, uilinganishe na mpya kabla ya kulipa.

Maswali ya wanachama na majibu yangu

Mkuu, niliweka "Ignore" na ikakaa vizuri. Lakini kila nikichomoa mashine ukutani onyo linarudi, na saa inarudi miaka nyuma.

Betri ya ubao imeisha, ile ya duara CR2032 ya volti 3. Bila hiyo BIOS inasahau mipangilio yote umeme ukikatika, pamoja na "Ignore" yako. Badilisha betri, weka tarehe, kisha rudi hatua ya 1, maana bado hujaniambia feni inazunguka au la.

Laptopu yangu ya HP inatoa 90B na kujizima kabla sijafika popote. Faili zangu ziko ndani.

Ujumbe ukitokea bonyeza Enter kabla sekunde hazijaisha, itaendelea kuwaka. Tumia nafasi hiyo kunakili faili tu, huku umeiinua ili hewa ipite chini yake. Usifungue video wala vichupo vingi. Kisha ifunguliwe feni isafishwe.

Nimeweka feni ya nyaya tatu kwenye pini nne. Onyo limeondoka ila inavuma kwa nguvu muda wote.

Ubao unataka kuiongoza kupitia waya wa nne, na feni yako haina. Tafuta kwenye BIOS kama kuna chaguo la kubadili kutoka PWM (kuongoza kwa waya wa nne) kwenda DC (kuongoza kwa kupunguza volti). Bao nyingi za zamani hazina, na hapo dawa ni feni ya nyaya nne.

Nitajuaje kama prosesa inapoa vya kutosha?

Kwenye Windows tumia programu ya HWMonitor, kwenye Linux amri ya sensors. Ikiwa haina kazi, nyuzi 30 hadi 50 ni sawa. Ikipanda kuelekea 90 kwa kazi ndogo kama kufungua hati, na feni unaiona inazunguka, angalia kama hitisinki imekaa sawasawa. Zile za Intel zenye pini nne za plastiki hulegea pembe moja bila mtu kugundua: bonyeza kila pembe mpaka usikie inaingia.