Nchi ikivua nyangumi, utajuaje kama imevunja sheria?

Usianze na idadi ya nyangumi waliouawa. Anza na makaratasi: siku ya uvuvi, nchi hiyo ilikuwa inafungwa na nini?

Angalia kwanza uanachama wake katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi (IWC), iliyoundwa na mkataba wa 1946. Kisha soma Jedwali la mkataba, maana kanuni zenye meno zimo humo. Aya ya 10(e), iliyopitishwa 1982, iliweka kiwango cha uvuvi wa kibiashara kuwa sifuri kuanzia msimu wa 1985/86.

Hapo ndipo wengi hukimbilia hukumu. Rekebisho la Jedwali haliifungi nchi iliyowasilisha pingamizi kwa wakati, na muda wa kawaida ni siku 90. Norwei ilipinga na haijaondoa pingamizi, hivyo inavua bila kuvunja aya hiyo. Iceland ilijitoa 1992, ikarudi 2002 na tamko la kutofungwa nayo. Wanachama kadhaa walilikataa. Japani iliondoa pingamizi lake, na baadaye ikajitoa kabisa kuanzia 30 Juni 2019.

Ukiambiwa ni uvuvi wa utafiti, fungua Ibara ya 8 ya mkataba wa 1946, inayoruhusu uvuvi wa utafiti. Nyama kuuzwa si ushahidi tosha, kwani ibara yenyewe inaagiza mzoga utumike. Fuata kipimo cha Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya Australia dhidi ya Japani, iliyoamuliwa 31 Machi 2014: je, mpango na utekelezaji wake vinaendana na malengo yaliyotajwa? Uliza idadi ya sampuli ilifikiwaje, njia zisizoua zilichunguzwa au la, na matokeo gani yamechapishwa. Mpango wa JARPA II, ule wa utafiti wa Japani uliokuwa ukishtakiwa katika kesi hiyo, ulikuwa umeua takriban nyangumi minke 3,600, ilhali mahakama iliona mavuno yake ya kisayansi ni haba.

Kujitoa IWC hakufuti kila kitu. Ibara za 65 na 120 za Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 bado zinadai ushirikiano katika kuwahifadhi nyangumi, ingawa kwa lugha legelege.

Mwisho, CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Andika spishi na mahali ilipovuliwa: kuingiza nchini nyama iliyotoka bahari kuu nako kunadhibitiwa. Japani ilinaswa hapo 2018 kwa nyangumi sei wa Pasifiki ya Kaskazini, ambao haikuwa imejitoa katika masharti yao.