Jinsi ya kuomba kusomea Athletic Training Marekani ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Wadogo zangu mnaopenda michezo na mnaoulizia hii kozi ya Athletic Training (AT) ya Marekani, yaani huduma ya majeraha ya wanamichezo, kabla hamjaanza kujaza mafomu jueni kwanza kwamba siku hizi huingii ukitokea fomu siksi. Ni masta. Tangu muhula wa vuli wa 2022 vyuo vya kule haviruhusiwi kuingiza wanafunzi wapya kwenye digrii ya kwanza ya AT, na aliyeweka hilo sharti ni CAATE, ndio chombo kinachotoa ithibati kwa hizi programu. Kwahiyo mtu akikwambia anakutafutia nafasi ya bachela ya AT itakayokupeleka kwenye leseni, huyo dalali mkimbie.

Mimi naona hii imekaa vizuri kwa mtoto wa huku Nyanda za Juu. Digrii ya kwanza unasoma hapahapa nchini kwa ada ya shilingi, na mkopo wa bodi ukiupata, halafu kule unaenda kulipia dola kwa miaka kama miwili tu. Tatizo watu wanachagua digrii ya kwanza bila kuangalia mbele, wakija kushtuka masomo mawili matatu yanayotakiwa hawana.

Kwa wasioijua, mtu wa AT ndiye yule anayekimbia uwanjani mchezaji akidondoka, ila kazi yake inaanza mbali: kuzuia majeraha, kupima goti au mtikisiko wa ubongo palepale, huduma ya dharura, kisha kumrudisha mtu mchezoni taratibu. Ni taaluma ya afya, chama cha madaktari cha Marekani AMA kiliitambua hivyo mwaka 1990, usiichanganye na ukocha wa gym.

Sasa tuanze na masomo maana hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa. CAATE wanataka uwe umesoma biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia, na yote ngazi ya chuo, kwahiyo usijipe matumaini kwamba PCB yako ya fomu siksi itatosha yenyewe. Juu ya hapo kila chuo kinaongeza vyake, mara nyingi takwimu, lishe au fiziolojia ya mazoezi, na wengi wanataka usishuke chini ya C kwenye hayo masomo, GPA ya jumla 2.75 au 3.0 kwa mizani yao, ambayo mwisho wake ni 4 na siyo 5 kama yetu. Ukisoma fiziotherapia kule KCMC Moshi anatomia na fiziolojia unazipata za kutosha. Ukisoma BSc ya ualimu pale Mkwawa, Iringa, kwa kombi ya kemia na biolojia, hayo mawili unayo na saikolojia ya elimu utakutana nayo, lakini uliza mapema kama hiyo saikolojia ya elimu wanaikubali, na anatomia ya mwili wa binadamu pamoja na fizikia utafute pa kuzipata. Ukienda UDSM kusoma elimu ya viungo na sayansi ya michezo, upande wa mazoezi utakuwa vizuri, ila kagua kemia na fizikia yako. Somo linalokosekana unaweza kulisoma kwa mtandao kwenye vyuo vya Marekani vyenye ithibati, vile vya jamii (community college) vina bei nafuu kidogo, ila usilipe mpaka chuo unachoomba kikuandikie kwamba watalipokea.

Na hapa usione aibu kumwandikia barua pepe mkurugenzi wa programu, jina lake na anwani yake vipo kwenye tovuti ya chuo. Andika fupi: mimi ni nani, nimesoma digrii gani ya miaka mingapi, masomo yangu ni haya, je kuna lipi linapungua? Kama digrii yako ni ya miaka mitatu uliza hilo waziwazi kwasababu kuna vyuo vinasumbua kuipokea. Ambatanisha maelezo ya masomo yako yaliyogongwa muhuri na idara, sio jina la somo tu. Hayo maelezo yaombe ukiwa bado chuoni, ukishahitimu ukawa umerudi Tukuyu au Makambako kuyafuata ni nauli nyingine.

Ukipata majibu ya vyuo vitatu vinne, ingia tovuti ya CAATE uhakikishe kila kimoja kina ithibati hai. Hii usiiruke hata kidogo, maana mtihani wa cheti wa BOC, bodi inayowathibitisha wataalamu wa AT, unafanywa na waliotoka kwenye programu zenye ithibati hiyo, ukiacha njia ya makubaliano waliyonayo na nchi chache kama Kanada na Ireland, na bila BOC leseni ya jimbo karibu kila mahali huipati.

Halafu viza. Najua watu huiweka mwisho, mimi nakwambia iangalie sasa hivi kabla hujatoa hata dola moja ya maombi: masharti ya viza kwa sisi Watanzania yamekazwa na yanabadilika haraka, kwahiyo soma tangazo la siku hiyo kwenye tovuti ya ubalozi wa Marekani Dar. Kama kwa wakati huo viza za wanafunzi hazitolewi, endelea na digrii yako na kujaza masomo, hakuna kinachooza.

Maombi yenyewe vyuo vingi vinapokea kupitia mfumo mmoja unaitwa ATCAS, unajaza mara moja unatuma vyuo kadhaa, unalipa kwa kadi ya benki au ile ya kidijitali ya kwenye simu. Jina lako liwe lilelile kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa na transkripti, ukiwa Atupele kwenye cheti na Atu kwenye transkripti utazungushwa. Transkripti za nje huwa wanataka zifanyiwe tathmini ya somo kwa somo, WES ni mojawapo ya wanaofanya, na chuo chako ndicho kinazituma moja kwa moja, wewe usizishike, kwahiyo mfuatilie kwa upole afisa wa mitihani kila wiki. TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, vyuo vingi vinataka kama 80 kwa mizani ya hadi 120, vingine vinakusamehe ukileta barua kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Deadlini zinahesabiwa kwa saa za mashariki ya Marekani, wako nyuma yetu masaa saba au nane kutegemea msimu.

Masaa ya kushuhudia kazi ndiyo yanawatoa watu jasho, kuna vyuo vinataka kama 50 chini ya mtaalamu wa AT mwenye cheti na huku kwetu kumpata ni kazi. Andika uombe kama watakubali fizio, wengine wanakubali, kisha peleka barua idara ya fiziotherapia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au kwa daktari wa timu mnayeelewana. Kila siku unaandika tarehe, masaa, umeona nini, anasaini palepale.

Kwenye insha usiandike kwamba unapenda mpira tangu utotoni, kila mtu ameandika hivyo. Andika ulichokiona: beki kapinda kifundo kwenye uwanja wa vumbi, wenzake wakamshika mguu wakauvuta, jioni wakamchua kwa maji ya moto, asubuhi mguu umevimba hadi kiatu hakiingii. Eleza kwanini kuvuta na kuchua vile siku ya kwanza kunaongeza uvimbe, na wewe ungefanya nini. Barua za rekomendesheni chukua kwa mwalimu wa sayansi aliyekufundisha na kwa huyo fizio, barua ya mheshimiwa asiyekujua haisaidii.

Ukipokelewa watataka chanjo. Homa ya ini B ni dozi tatu na inachukua miezi sita, kwahiyo anza hata kabla ya majibu. Kipimo cha TB omba cha damu, maana sisi tulichomwa BCG utotoni na kile cha ngozi kinaweza kusoma una maambukizi wakati huna. Baada ya hapo unaonyesha taarifa za benki za wewe na mdhamini zinazofunika mwaka wa kwanza, chuo kinakupa fomu ya I-20 ya kuombea viza ya mwanafunzi, unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, unajaza DS-160 ambayo ndiyo fomu ya maombi ya viza, ndio unapanga intavyuu ya ubalozini. Risiti ya SEVIS iprinti kabisa uende nayo.