Kupanga apointimenti na admisheni hospitali ya Mombasa bila kugombana na watu

Kama umepata kazi ya kupangia wagonjwa, yani wewe ndo unatoa tarehe za kliniki na wewe ndo unatafuta kitanda daktari akisema huyu alazwe, kompyuta isikutie wasiwasi. Sistimu utafundishwa na utaizoea. Kinachosumbua ni mama aliyetoka Msambweni alfajiri, akapanda matatu, akavuka feri Likoni, kufika kaunta anaambiwa daktari hayuko leo. Huyo hata umpe pole mara ngapi ashakasirika na haki anayo. Kwa hivo usimwambie mtu njoo kabla wewe mwenyewe hujajua atakuta nini.

Anza na ratiba ya madaktari. Sio ile imebandikwa ukutani, hiyo mara nyingi ishapitwa, pigia kila daktari simu mwisho wa wiki umuulize wiki inayokuja yuko lini na ataona watu wangapi. Mabingwa wengi wanazunguka hospitali zaidi ya moja, ukisikia "nitakuja Alhamisi mchana" uliza saa ngapi hasa. Alafu gawa watu kwa masaa. Huu mtindo wa kuita watu 30 wote saa mbili asubuhi ati atakayewahi ndo ataonwa kwanza mimi siupendi kabisa, unajaza mabenchi na unachosha wazee bure. Mgonjwa mpya pia anakula muda kuliko wa kurudi, mhesabie nafasi mbili.

Angalia mtu anatoka wapi. Wa Tudor au Majengo mpe saa mbili, wa Ukunda au Kilifi mpe saa nne kwenda mbele. Wa Lamu na Tana River ambao wameletwa na rufaa wengine huja siku moja kabla wakalala kwa jamaa, hao hakikisha vipimo na daktari viwe siku moja, asilipe nauli mara mbili kwa sababu maabara hukuwauliza. Ijumaa usiweke watu kati ya saa sita na nusu na saa nane, wagonjwa wengi wako msikitini na hata wafanyikazi wenzako pia. Ramadhani panga upya kabisa, na wenye sukari waite wamuone daktari kabla mwezi haujaandama, mambo ya dawa na kufunga yasibaki ya kukisia nyumbani.

Kwa kadi andika saa kama watu wanavyosema. Ukiandika 2:00 atakuja saa mbili asubuhi na wewe ulikuwa unamtaka saa nane mchana. Andika "Jumatano, saa nane mchana" na tarehe, kisha msomee. Siku moja kabla mpigie au tuma meseji, lakini meseji iseme tu una apointimenti na sisi kesho saa fulani. Ugonjwa usiutaje, wala kliniki yenyewe kama jina lake linajieleza, simu nyingi nyumbani zinashikwa na watu watatu, na sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa siri nzito.

Majina sasa. Hapa Mombasa kina Mohamed Ali na Fatma Salim ni wengi, na wengine wana faili kwenu tangu zamani. Inaenda hivi kaunta:

"Shikamoo mama, jina lako kamili?"
"Marahaba. Fatma."
"Fatma nani mama?"
"Si mimi Fatma Salim, nakuja hapa kila siku!"
"Sawa mamangu, nipe na kitambulisho nikutolee faili yako wewe, nisije nikatoa ya Fatma mwengine."

Ukisema hivo hakasiriki. Hakikisha jina kwa faili ni lile la kitambulisho herufi kwa herufi, Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa sistimu ni watu watatu, na hapo ndo malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, hukwama.

Na hiyo SHA, iliyochukua kazi ya bima ya zamani NHIF Oktoba 2024, ndo itakula muda wako mwingi. Watu wengi wamejisajili kwa *147# wakadhani wamemaliza. Kujisajili kunatosha huduma za msingi kule zahanati na senta ya afya, lakini kulazwa kunataka michango iwe imelipwa. Basi yule wa operesheni ya kupangiwa mwangalie mapema, siku unampa tarehe, sio asubuhi amefika na begi na hajala tangu usiku. Operesheni usimthibitishie mpaka umepata idhini ya bima, nafasi ya thieta, kitanda cha baadaye, na damu kama daktari ameitaka. Mwenye dharura hana habari na haya yote, huyo anatibiwa kwanza, katiba kifungu cha 43 kimesema wazi hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, karatasi utafuatilia na jamaa zake pole pole.

Vitanda usihesabu kwa skrini. Kila asubuhi panda wodini kwa miguu, ongea na sista incharji. Skrini inasema kitanda kiko wazi kumbe godoro linaoshwa, au kiko wodi ya wanaume na wewe una mama. Tena daktari akisema mtu aende nyumbani saa nne, kitanda chaweza kutoka saa kumi, mara bili haijafungwa, mara dawa hazijatoka famasi, mara mtoto wake yuko kazini Port Reitz anangojwa aje na pesa. Dawa yake ni kuuliza jioni iliyotangulia nani anatarajiwa kutoka kesho, ukaambia watu wa bili waanze na ukapigia jamaa usiku huo huo.

Ukitoka zamu mwandikie wa usiku kwa kitabu: vitanda vilivyobaki na viko wodi gani, nani amekuja na anangoja kitanda, nani ameahidiwa kupigiwa simu na saa ngapi. Weka na namba ya daktari aliye onkoli, yani yule wa kuitwa usiku, ile anayoshika kweli.