Jinsi ya kuomba ufadhili wa Erasmus Mundus ukiwa Afrika Mashariki

Erasmus Mundus ni ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa masomo ya uzamili. Hauombwi ubalozini wala wizarani. Unaombwa kwa vyuo vyenyewe. Kila programu ya uzamili ya Erasmus Mundus huendeshwa na muungano wa vyuo visivyopungua vitatu, kutoka nchi tatu tofauti, na muungano huo ndio unaopokea maombi, unaoyachuja na unaochagua. Anayepata halipi ada, hukatiwa bima, na hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Masharti yanamtaka asome katika nchi mbili au zaidi.

Wapo waombaji wenye matokeo mazuri wanaoachwa kwa sababu shahada yao imewasilishwa kwa namna ambayo mpimaji wa Ulaya hawezi kuisoma. Hapo ndipo tutakapokaa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 1: Chagua programu

Fungua orodha rasmi ya programu kwenye tovuti ya EACEA, wakala wa Umoja wa Ulaya wa elimu na utamaduni. Kila programu ina tovuti yake, masharti yake na tarehe zake. Nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba inayofuata. Programu tatu au nne zinazoendana na shahada yako zinatosha; kumi ulizoziomba kwa barua ile ile hazitakufikisha mbali.

Kuna kanuni ambayo wengi hawaijui: kwa kawaida, wenye uraia mmoja hawapewi zaidi ya asilimia 10 ya nafasi za ufadhili katika programu moja. Kwa hiyo programu inayokimbiliwa na wenzako wote wa nyumbani ndiyo itakayokubana zaidi. Tafuta pia ile isiyotajwa sana.

Hatua ya 2: Eleza shahada yako kwa lugha ya ECTS

Mwaka 1999 mawaziri wa elimu wa nchi 29 za Ulaya walitia saini Azimio la Bologna, ili shahada ya nchi moja isomeke katika nchi nyingine. Kipimo kinachotumika ni krediti za ECTS: mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, yaani darasani, maabara, kujisomea na mitihani. Shahada ya kwanza huwa na krediti 180 hadi 240.

Tanzania hesabu ni nyingine. Krediti moja ni saa 10, na mwaka una krediti 120. Shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360 ni sawa na takriban ECTS 180, yaani unagawa kwa mbili. Anayejaza 360 kwenye sehemu ya ECTS anaonekana amekosea au anadanganya. Kama chuo chako kinahesabu kwa saa za darasani tu, tumia miaka: mitatu ni 180, minne ni 240. Andika kwamba ni makadirio, na ueleze ulivyoyapata.

Alama nazo zina mtego wake. GPA ya 4.0 katika kipimo cha Tanzania cha 5 ni daraja la pili la juu. Katika kipimo cha 4 ingekuwa alama ya juu kabisa, na Ujerumani, ambako 1.0 ndiyo bora, 4.0 ni kupita kwa shida. Usiandike “GPA 4.0” ikaachwa hivyo, andika “4.0 kati ya 5.0, daraja la pili la juu”. Kisha geuza transkripti yako. Mara nyingi ufunguo wa alama umechapwa nyuma, kwa maandishi madogo, na watu huskani ukurasa wa mbele tu. Skani pande zote mbili, ziwe faili moja ya PDF.

Hatua ya 3: Majina

Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na pasipoti imeyapanga kinyume. Jaza fomu kama pasipoti inavyosomeka. Tofauti ikiwa kubwa, pata kiapo cha majina kwa wakili mapema, kwa sababu suala hilo litarudi tena kwenye viza.

Hatua ya 4: Lugha na barua

Programu nyingi hutaka alama 6.5 au zaidi za IELTS, mtihani wa Kiingereza, na matokeo hudumu miaka miwili. Fanya mtihani Septemba. Baadhi hukubali barua ya chuo inayothibitisha kuwa ulisoma kwa Kiingereza. Soma masharti kabla ya kulipia.

Barua ya nia ijibu swali moja: kwa nini vyuo hivi, kwa mpangilio huu wa nchi? Taja kozi na eneo la utafiti la kila chuo utakachopitia. Sifa za jumla kuhusu Ulaya hazina uzito wowote.

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, huwa wawili. Mifumo mingi huwatumia kiungo kwa baruapepe, na kiungo hicho huishia kwenye takataka. Toa anwani ya kikazi ya chuo, waambie siku unayokituma, uwapigie baada ya siku mbili. Mpe kila mmoja wiki tatu.

Hatua ya 5: Kutuma

Saa 23:59 ya Brussels wakati wa baridi ni karibu saa nane usiku kwetu. Usiifikie. Tuma siku tatu kabla, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Hatua ya 6: Baada ya majibu

Ukiwekwa kwenye orodha ya akiba, subiri. Waliopata programu mbili huacha moja, na nafasi hufunguka hata miezi kadhaa baadaye.

Ukikubaliwa, anza viza ya nchi ya kwanza mara moja. Nauli na viza zimo ndani ya zile euro 1,400, na malipo ya kwanza mara nyingi huja baada ya kufika na kujisajili, kwa hiyo tafuta mapema fedha za tiketi na za wiki za mwanzo. Kuhamia nchi ya pili ni rahisi zaidi: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2016, kibali cha mwanafunzi aliye kwenye programu ya namna hii humruhusu kusoma katika nchi nyingine mwanachama hadi siku 360, wakati mwingine kwa kutoa taarifa tu. Denmark na Ireland hazimo katika sheria hiyo.

Siku ya kuhitimu dai waraka wa nyongeza ya shahada, unaoeleza kiwango, krediti na mfumo wa alama. Katika nchi za Bologna hutolewa bure, na utauhitaji ukirudi kuomba TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambue shahada yako.