Viwashio vya moto vya bei nafuu: makumbi, maranda na nta

Anayelala ufukweni Lamu hakosi kuni. Anachokosa ni kuni kavu. Masika yakianza Aprili, kusi inakuja na mvua na kila kitu kinalowa. Hata msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, hewa ya bahari imejaa chumvi, na chumvi hunyonya maji hewani usiku kucha. Kijiti ulichookota ufukweni utakiona kimekauka, lakini ukikivunja hakitoi mlio, kinapinda tu. Moto wake ni moshi mtupu.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia mafuta ya taa. Mafuta ya taa huungua juu juu yakaisha kabla kuni hazijashika, kisha samaki wote wananuka. Wengine wanachoma chupa za plastiki, na moshi wake ni sumu kwa wewe unayepuliza na kwa chakula kilicho juu. Petroli ya mashine ya boti usiiguse kabisa. Mvuke wake hutambaa chini ukalipuka kabla mkono wako haujafika kwenye kuni.

Hivi viwashio nitakavyoeleza havigharimu kitu cha maana. Vitu karibu vyote hutupwa majumbani na kwenye karakana zetu. Kinachotakiwa kununuliwa ni nta, na hata hiyo unaweza kuikusanya.

Vinavyofanya kazi ni viwili tu

Nta ndiyo mafuta, nyuzi ndizo utambi. Nyuzi peke yake huwaka kwa kishindo zikazimika. Nta peke yake haishiki kwa njiti ya kibiriti. Ukiziunganisha, joto la moto linayeyusha nta, nyuzi zinaivuta juu, mvuke wake ndio unaoungua, polepole na bila papara. Faida ya pili ni kwamba nta haipitishi maji, kwa hiyo kiwashio kikianguka majini unakipangusa na kukitumia. Ukishaelewa hivyo, hutabanwa na orodha yangu. Kwako hakuna makumbi ya nazi? Tumia pamba, gunia la katani, hata boksi lililochanwachanwa.

Hatua ya kwanza: kusanya

Maranda na vumbi la msumeno yako tele kwa mafundi wa milango mjini na kwa waunda vyombo vya baharini wa kijiji cha Matondoni. Ingia na salamu yako, "Salaam aleikum, fundi, naomba maranda kidogo," utaondoka na gunia. Muulize mbao hiyo imepakwa nini. Ukiambiwa rangi au dawa ya wadudu, iache, maana moshi wake utauvuta wewe. Na ukiambiwa mafuta ya kitani, yale ya kung'arishia milango, kuwa mwangalifu zaidi: matambara na maranda yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa gunini hupata moto yenyewe, bila kiberiti. Hayo hayaingii nyumbani.

Makumbi ya nazi chukua ya nazi zilizofuliwa karibuni, yaliyokaa nchi kavu. Yale yaliyofukiwa matopeni ili yatolewe usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, hayafai mpaka uyaoshe kwa maji ya kisima na kuyaanika upya, kwa sababu yamejaa chumvi, na chumvi utakuwa umeifungia ndani ya kiwashio chako.

Trei ya mayai iwe ya karatasi, ile ya mashimo 30. Ya plastiki haifai.

Nta: vipande vya mishumaa vilivyobaki siku stima zilipopotea. Waambie majirani wakuwekee, baada ya miezi michache utakuwa na kopo zima. Trei moja hula kama nusu kilo, ikizidi au ikipungua kidogo. Nta ya nyuki ni nzuri zaidi, lakini ina bei. Ukiipata kwa warina asali wa bara, na Waboni ndio mabingwa wa kazi hiyo upande wetu, mimi ningekushauri uiweke kwa ajili ya njiti za kibiriti peke yake.

Hatua ya pili: kausha kwa kweli

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapofanya haraka. Unyevu ukifungiwa ndani ya nta hautoki tena. Kiwashio kitapasukapasuka na kurusha cheche, au kitazimika katikati.

Chambua makumbi kwa mkono, nyuzi moja moja ziachane. Katikati ya nyuzi kuna unga wa kahawia. Unga huo ndio unaoshika maji kwa wingi. Lipige fungu juu ya jiwe, likung'ute mpaka vumbi likome. Kisha anika juu ya bati, si juu ya mchanga, jua la siku mbili, na alasiri kabla umande haujaanza kushuka ingiza ndani. Ukifinya fungu la nyuzi karibu na sikio na ukasikia mchakacho, ziko tayari. Zikinyamaza, zirudishe juani. Maranda nayo yaanike hivyo hivyo, uyageuze mara kwa mara.

Hatua ya tatu: yeyusha nta

Fanya nje. Si chini ya paa la makuti, wala kwenye kichochoro ambapo upepo unapenya na nyumba zimegusana. Watoto wakae mbali.

Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko. Jiko la makaa huwezi kulipunguza kama la gesi, na nta ikipita joto lake huanza kutoa mvuke unaoshika moto. Chukua sufuria pana, tia maji kiasi cha vidole vitatu, weka mawe mawili madogo chini, juu yake kopo la bati lenye nta. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi joto 100, na nta ya mishumaa huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 hivi, kwa hiyo itayeyuka vizuri bila kufika pabaya. Angalia tu maji ya sufuria yasikauke. Tambi za mishumaa zitabaki koponi. Zitoe kwa kijiti na uzihifadhi, nazo ni viwashio.

Weka kifuniko cha bati na ndoo ya mchanga karibu kabla hujaanza. Nta ikishika moto, funika na uondoe jiko. Usimwagie maji, hata tone: yatageuka mvuke papo hapo na kuirusha nta inayowaka usoni kwako. Hili mfundishe kila aliye nyumbani, maana mafuta ya kukaangia nayo hufanya vivyo hivyo.

Hatua ya nne: jaza trei

Weka trei juu ya bati au gazeti. Kila shimo litie fundo la nyuzi za makumbi, kisha maranda juu yake, ukandamize kwa kijiko lakini si kwa nguvu zote, hewa inahitaji njia. Acha nyuzi chache zichomoze juu, hizo ndizo utakazowasha.

Mimina nta kidogo kidogo. Inatakiwa iingie mpaka maranda yawe na unyevu wa chicha iliyokwisha kukamuliwa: yanashikana, lakini hayaachi maji. Ukiona nta imesimama juu kama kidimbwi, umezidisha, na kiwashio hicho kitakuwa kigumu kushika. Ongeza maranda yainywe. Nyuzi zilizochomoza zisilowe zote. Kipande kikavu ndicho kinachopokea moto wa njiti.

Ziache zipoe kabisa, kisha kata trei kwa mkasi, shimo moja moja. Kimoja kinawaka kama dakika kumi, zaidi au pungufu kwa kadiri ya upepo.

Njia ya haraka: pamba na vaselini

Ukiwa huna muda, chukua pamba ya dukani na mafuta ya mgando, vaselini ya kawaida. Pakaza pamba nje mpaka iteleze, ila ndani ibaki kavu. Wakati wa kuwasha, ichane katikati ili nyuzi kavu zitokeze. Itawaka dakika tatu mpaka tano hivi. Inatosha kama vijiti vyako ni vizuri, haitoshi kama vimelowa. Tena vaselini huyeyuka kwa jua letu, kwa hiyo iweke kwenye kichupa chenye kifuniko cha kuzungusha, kisimame wima.

Njiti zisizolowa

Kiwashio bila kibiriti ni mzigo. Chovya kichwa cha njiti na nusu ya mti wake kwenye nta iliyoyeyuka, toa mara moja, acha ipoe. Ukitaka kuwasha, bandua nta ya kichwani kwa ukucha kwanza. Na jambo linalosahaulika sana: vibiriti vingi vya madukani haviwaki ukivikwaruza popote tu, vinataka ule ubavu wa boksi. Ukate, uuweke pamoja na njiti, upande wa kukwaruzia ukiwa umetengwa na vichwa. Kiberiti cha gesi chukua pia, ila usikitegemee peke yake, kwa kuwa jiwe lake likilowa hakina msaada mpaka likauke.

Kuwasha ufukweni

Chagua mahali kwanza. Si juu ya milima ya mchanga ya Shela, ambako mimea ndiyo inayoushika mchanga, na chini yake ndiko yaliko maji ya visima. Si juu ya mstari wa majani makavu ya bahari yanayoachwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko kawaida, kwa sababu kasa hutaga hapo na kupanda juu zaidi. Kisiwa cha Kiwayu kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa tangu 1979, na kasa wake wanatutegemea tusiwapikie mayai mchangani. Mwanga mkali nao huwapoteza watoto wa kasa wanapotafuta bahari. Shuka chini ya mstari huo, kwenye mchanga mgumu, na uulize maji yanajaa saa ngapi.

Mafiga yasiwe mawe ya matumbawe yaliyotoka majini. Yana matundu yaliyojaa maji, na yakipata joto hupasuka na kurusha vipande. Tumia mawe makavu ya nchi kavu, au chimba shimo dogo.

Chini weka kipande cha karara, lile ganda la ua la mnazi, au kifuu ili kiwashio kisikae juu ya unyevu. Upe upepo mgongo wako. Washa nyuzi zilizochomoza, subiri ndimi zipande, ndipo uegemeze vijiti vya fagio la makuti, vichache. Halafu karara iliyochanwa vipande vyembamba. Halafu vifuu vilivyovunjwa, ambavyo huwaka kwa joto kubwa. Kuni nene mwisho. Mwenye kutupia gogo mwanzoni anaua moto wake mwenyewe.

Kuhusu kuni zenyewe: mbao zilizoletwa na bahari zina chumvi nyingi na moshi wake haufai kuchomea samaki, zitumie kwa kuotea tu, nawe ukae upande upepo unakotoka. Mnyaa usichome, utomvu wake na moshi wake huumiza macho. Mkoko ni kuni tamu kuliko zote, kila mtu wa Lamu anajua, lakini kuukata kunahitaji kibali, na samaki tunaowavua hukulia kwenye mizizi yake. Kumbi, karara na vifuu vinatosha kabisa kupikia chai na wali wa watu wanne.

Ukimaliza, mwagia maji ya bahari, koroga, mwagia tena. Usifukie makaa kwa mchanga ukaondoka. Chini ya mchanga makaa hubaki na joto kwa saa nyingi, na anayekuja kukanyaga hapo ni mtoto anayekimbia pekupeku.

Kwa dharura ya baharini

Mashine ikizima na mkondo ukawatupa kwenye kisiwa kisicho na watu, moto ni wa kupata joto na wa kuonekana. Ishara inayotambulika kimataifa ni mioto mitatu, kwa mstari au pembe tatu, iliyoachana vya kutosha mtu wa mbali aione mitatu na si mmoja. Usiku unataka ndimi, kwa hiyo vifuu na karara. Mchana unataka moshi: moto ukishapata nguvu, rundika majani mabichi juu yake. Usiwashe yote mitatu mapema ukamaliza kuni. Uweke mmoja hai, miwili uipange tayari na viwashio chini yake, uifunike kwa chochote isipate umande, kisha usikilize mlio wa mashine.

Kwa hiyo ndani ya boti weka kopo moja la plastiki lenye kifuniko cha kubana: viwashio sita, njiti zilizochovywa, ubavu wa kibiriti, kiberiti cha gesi, na kisu kidogo. Kila msimu ukibadilika lifungue, jaribu njiti moja na kiwashio kimoja, ujaze vilivyopungua. Lifunge kwa kamba mahali ambapo boti ikipinduka halitapotea, na uwaonyeshe wenzako wote lilipo.