Shada la Majilio nyumbani: mishumaa minne na dakika kumi kila jioni

Majilio, kipindi cha Kanisa cha kujiandaa kwa Noeli, huanza Dominika inayoangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba; mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba. Andaa shada Jumamosi inayotangulia, si Jumapili asubuhi watu wakiwa mbioni kwenda Misa.

Chukua sinia la bati, mwaga mchanga mkavu kina cha sentimita tano, kisha simika mishumaa minne kwa duara: mitatu ya zambarau, mmoja wa waridi. Rangi zikikosekana dukani, mishumaa myeupe inatosha. Funga tu utepe wa rangi kwenye ukingo wa sinia. Zungushia matawi ya mvinje au msaiprasi. Hapo ndipo penye hatari: matawi hukauka ndani ya wiki na yakikauka hushika moto upesi. Yabadilishe kila Jumamosi, yasivuke nusu ya kimo cha mshumaa. Feni izimwe pia, la sivyo nta itamwagikia upande mmoja.

Wiki ya kwanza washa mmoja wa zambarau, ya pili miwili, ya tatu ongeza wa waridi, kwani hiyo ni Dominika ya Furaha, ya nne yote. Mshumaa wa kwanza ndio unaoteseka: dakika kumi kwa siku 26 ni zaidi ya saa nne, kwa hiyo usiwe mwembamba. Na shada lisikae karibu na kabati la jikoni. Umeme ukikatika, mshumaa huo utaazimwa na hautarudi.

Jioni, zima taa, washa, kaeni kimya dakika nzima. Mmoja asome Isaya: 2:1-5 wiki ya kwanza, kisha 11:1-10, 35:1-10 na 7:10-14. Rudieni somo hilohilo wiki nzima. Watoto watalishika bila kulazimishwa. Kimya tena, ombi fupi la kila mtu, kisha wote: “Na uje, Bwana Yesu” (Ufunuo 22:20). Kimya ndicho kinachorukwa, hasa simu zikiwa mezani. Zikae chumba kingine.

Kuanzia 17 hadi 23 Desemba, badala ya maombi ya kila mtu, someni antifona (kiitikio kifupi) ya siku hiyo kutoka Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya jioni, zile saba zinazoanza kwa “Ee”. Pango la kuzaliwa kwa Yesu linaweza kuwekwa sasa, ila hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, na nyimbo za Noeli zisubiri pia.

Mkikosa jioni moja, msilipe deni kesho yake kwa kusali dakika ishirini. Endeleeni na somo la wiki.