Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuitembelea Harlem

Anza na ramani, kwa sababu barabara kuu za Harlem, mtaa wa kihistoria wa Wamarekani Weusi jijini New York, zina majina mawili: Lenox Avenue ndiyo hiyo hiyo Malcolm X Boulevard, na mwenyeji anayekuelekeza huenda akalitaja jina la zamani. Treni za chini ya ardhi za A, B, C, D, 2 na 3 husimama 125th Street, lakini katika vituo viwili tofauti, na nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki getini.

Siku ya kwenda ina uzito wake. Kituo cha Schomburg, maktaba ya utafiti wa historia na utamaduni wa watu weusi iliyopo 135th Street, ambacho chimbuko lake ni vitabu na hati zilizokusanywa na Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, na kuingia katika maktaba ya umma ya jiji mwaka 1926, hakina kiingilio, ila Jumapili hufungwa. Anayetaka kusoma nyaraka adimu aombe miadi mapema. Humo ndani, chini ya sakafu iliyochorwa mito kwa mistari ya shaba, ndimo yalimozikwa majivu ya mshairi Langston Hughes. Ukifika hapo, tafadhali punguza mwendo. Ukumbi wa muziki wa Apollo ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, basi ulizia hali yake kabla ya kuupangia jioni.

Jumapili wageni wengi hukimbilia Abyssinian Baptist Church, kanisa lililoanzishwa mwaka 1808, kwa ajili ya kwaya. Ile ni ibada, si tamasha, nami huona vibaya mgeni anapoinuka katikati ya mahubiri kwa kuwa nyimbo zimekwisha. Soma utaratibu wa wageni mapema, wahi kufika, vaa kwa heshima, zima simu na ukae hadi mwisho.

Uangalifu huo huo unahitajika Strivers' Row, safu za nyumba za kihistoria, ambako nguzo za malango bado zina maandishi yanayowataka wenye farasi wawaendeshe mwendo wa kutembea. Nyuma ya malango hayo wanaishi watu, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Chukua pia fedha taslimu kwa ajili ya soko la 116th Street, penye Wasenegali wengi. Jirani yake upo msikiti wenye jina la Malcolm Shabazz, yaani Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, ambaye mwaka 1964 alifika Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Anayekusudia kuswali Ijumaa aiache ratiba ya mchana wazi.